Jina Moja, Mtu Mmoja: Kitambulisho cha Taifa Huanzia Nyumbani

Na Katibu wa Kamati ya Msikiti

MAITI wa Kiislamu hakawizwi. Ndani ya saa chache huoshwa, hukafiniwa, huswaliwa na kufikishwa kaburini, na katika safu zote za wanaomswalia hakuna hata mmoja anayeuliza jina lake limeandikwaje. Swali hilo huja baadaye, wakati waliokuja kuhani wamekwisha kutawanyika na mjane amebaki na watoto wake na mkoba wa karatasi za marehemu. Hapo ndipo hubainika kwamba kitambulisho cha taifa kinamwita Athumani Saidi Mfaume, kitabu cha benki kinamwita Othman Said, hati ya kiwanja inamtambua kuwa ni Athuman S. Mfaume, na mfuko wa hifadhi ya jamii una mwanachama aitwaye Othumani Mfaume Saidi. Majina haya nimeyatunga kwa ajili ya mfano, lakini hali yenyewe wengi wetu tumeishuhudia katika nyumba zetu au za jirani zetu.

Katika kazi ya ukatibu wa msikiti, mikoba ya namna hii hutufikia mara kwa mara. Familia huja kuomba barua ya kuthibitisha kwamba mwenye majina manne alikuwa mtu mmoja, aliyekuwa akiswali nasi safu ya pili na kuchangia mafuta ya jenereta. Barua hiyo huandikwa bila kinyongo, kwa kuwa tunayemjua tunamjua. Hata hivyo, barua ya msikiti haimlazimishi ofisa wa benki kutoa hata shilingi moja. Yeye ana daftari lake, na daftari lake linasema Othman.

Makala haya yanakusudia kueleza jambo moja tu. Kitambulisho cha taifa hakimpi mtu jina. Hupokea lile ambalo nyumba yake ilimpa na jinsi nyumba hiyo ilivyoliandikisha. Likiandikishwa ovyo, mwenyewe anaweza kuishi nalo miaka mingi kwa kujieleza hapa na pale, kwa sababu ana ulimi na ana uso unaofanana na picha. Akishafariki, ulimi huo haupo tena, na gharama yote huwaangukia mjane na mayatima. Kwa hiyo kazi ya kulisawazisha jina ni ya mwenye jina, angali hai.

KITAMBULISHO KILIKOTOKA

Fikra ya kuwapa wananchi vitambulisho si ya juzi. Ilijitokeza mwaka 1968 katika kikao cha masuala ya usalama kilichozikutanisha Tanzania, Kenya, Uganda na Zambia. Sheria ya Usajili na Utambuzi wa Watu ikatungwa mwaka 1986. Ikapita zaidi ya miaka 20 kabla ya Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa, ambayo wengi tunaiita NIDA, kuundwa mwaka 2008, na mwezi Februari 2013 Rais Jakaya Kikwete akazindua utoaji wa vitambulisho vyenyewe. Wanaosajiliwa ni wenye umri wa miaka 18 na kuendelea, nao ni makundi matatu: raia, wageni wakaazi na wakimbizi.

Kabla ya hapo Mtanzania alijitambulisha kwa alichonacho. Mmoja alikuwa na kadi ya mpiga kura, mwingine leseni ya udereva, mwingine barua ya mwenyekiti wa mtaa yenye muhuri. Kila karatasi iliandikwa kwa wakati wake na kwa mkono wa mtu wake, na hakuna aliyeziweka pamoja kuzilinganisha. Kwa hali hiyo mtu angeweza kuwa Juma kazini, Jumaa msikitini na Jumanne katika cheti cha shule, wala asipate tabu yoyote.

Mambo yalibadilika kwa nguvu mwaka 2019. Kuanzia mwezi Mei mwaka huo laini za simu zilianza kusajiliwa kwa alama za vidole, na sharti la kusajiliwa likawa namba ya kitambulisho cha taifa. Mwisho uliwekwa kuwa tarehe 31 Desemba 2019, kisha Rais John Magufuli akaongeza siku 20, hadi tarehe 20 Januari 2020. Wanaokumbuka siku zile wanazikumbuka foleni. Wazee ambao hawakuwahi kuona haja ya kitambulisho walijipanga tangu alfajiri, wakajaziwa fomu na vijana wenye haraka, wakataja majina yao kwa sauti na kuandikiwa kama yalivyosikika. Aliyejua kusoma alihakiki kabla ya kutia dole gumba. Asiyejua alishukuru kwamba zamu yake imefika.

Leo namba hiyo haitumiki kwa simu peke yake. Inahitajika katika kufungua akaunti ya benki, kuomba pasipoti na kupata namba ya mlipakodi. Karatasi ambazo zamani ziliishi mbalimbali sasa zinakutanishwa, na kila zinapokutana tofauti zake huonekana.

Ndugu zetu wa Zanzibar wana jambo la ziada. Huko kipo pia kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 2005, na familia nyingi zinahifadhi vyote viwili. Mwenye vitambulisho viwili ana sababu mbili za kuhakikisha kwamba vinamtaja mtu yule yule.

NAMBA INAYOBEBA UMRI

Namba ya kitambulisho cha taifa ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni tarehe ya kuzaliwa: mwaka, kisha mwezi, kisha siku. Aliyezaliwa tarehe 5 Machi 1986, namba yake huanza na 19860305. Jambo hili dogo lina uzito mkubwa. Maana yake ni kwamba anayetaja umri usio wake hasemi uongo mara moja na kuusahau, bali anauandikisha ndani ya namba ambayo atakuwa akiitaja maisha yake yote, benki, kazini na hospitali.

Wapo waliopunguza umri ili waonekane vijana katika maombi ya kazi au katika michezo. Wapo waliopunguziwa na wazazi ili waanze upya darasa, na wapo walioongezewa ili wamalize shule mapema. Mtumishi wa umma hustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na kwa lazima akiwa na 60. Ikiwa faili lake la ajira lina mwaka mmoja na kitambulisho chake kina mwaka mwingine, mzozo wake huanza pale pale anapotarajia kupumzika, na mafao yake husubiri mpaka ijulikane ukweli ni upi.

Hatuwalaumu wazee waliozaliwa bila kuandikwa popote. Bibi anayesema alizaliwa mwaka wa Uhuru ametaja ukweli kadiri anavyoujua. Lakini hata yeye ni vyema tarehe aliyokwisha kuandikiwa katika kitambulisho iwe ndiyo hiyo hiyo anayoitaja kila mahali, asikadiriwe upya na kila kijana anayeshika kalamu.

MAKOSA HUTOKA WAPI?

Sababu ya kwanza ni tahajia. Jina Muhammad kwa hati ya Kiarabu lina herufi nne tu, na anayeliandika haulizi liandikwe vipi. Likivuka kuingia katika hati ya Kilatini huzaa Mohamed, Mohammed, Muhamad, Mohamedi na Muhamadi. Uthman huwa Othman, Othumani na Athumani. Khadija huwa Hadija. Ramadhan huongezewa irabu mwishoni na kuwa Ramadhani, na Shaaban huwa Shabani. Muuguzi wa kliniki aliandika kwa sikio lake, mwalimu wa darasa la kwanza kwa lake, na ustadhi wa madrasa akasahihisha kwa elimu yake. Mtoto akakua na majina matatu, yote sahihi kwa mazungumzo. Lakini kompyuta haina sikio. Inalinganisha herufi kwa herufi, na kwake Hadija na Khadija ni wanawake wawili.

Sababu ya pili ni jina la tatu. Desturi yetu ni jina la mtu, la baba na la babu. Kwingine jina la tatu huwa la ukoo. Si ajabu kukuta watoto wa tumbo moja na baba mmoja, mkubwa akitumia jina la babu, wa kati jina la ukoo, na mdogo akiwa na majina mawili tu kwa sababu fomu yake ilijazwa hivyo. Maadamu baba yao yu hai, hakuna anayeshangaa. Siku ya kuwaorodhesha warithi mahakamani, karatasi zao zinawaonyesha kama watu wasiojuana.

Sababu ya tatu inawahusu akina mama. Mwanamke wa Kiislamu haachi jina la baba yake kwa sababu ya kuolewa, na sheria yetu haijamtaka afanye hivyo. Hata hivyo wapo waliotumia jina la mume kazini au katika akaunti ya benki, kwa mapenzi au kwa kufuata mkumbo, huku vyeti vyao vya shule na cha kuzaliwa vikibaki na jina la baba. Dada mmoja wa namna hii akiachika na kuolewa tena, majina yake huongezeka kama vituo vya daladala, na kila kituo anapaswa kukitolea maelezo. Jina la baba halibadiliki kwa ndoa wala kwa talaka. Ndilo lenye amani zaidi.

Sababu ya nne inahitaji kuzungumzwa kwa upole, kwa kuwa chimbuko lake ni wema. Mtoto amefiwa na baba. Baba yake mdogo, au mjomba, anamchukua na kumlea na wanawe. Siku ya kumwandikisha shule, ili kuepuka maswali, anamwandikisha kwa jina lake mwenyewe. Mtoto anasoma, anafaulu, anafikia miaka 18, na kitambulisho cha taifa kinamtambua kuwa mwana wa mlezi wake.

Mwenyezi Mungu ametuelekeza katika Suratul Ahzab, aya ya 5, kwamba watoto waitwe kwa baba zao, na wanazuoni wameeleza kwa kirefu hekima ya kulinda nasaba. Katika suala hili la vitambulisho hekima hiyo huonekana kwa macho. Yatima huyo ana haki katika mirathi ya baba yake mzazi: shamba, nyumba, hata mafao. Atakapokwenda kuidai, karatasi zake zenyewe zitakuwa shahidi dhidi yake, kwa sababu zinasema baba yake ni mwingine na yu hai. Upande wa pili, mlezi naye akifariki, karatasi zinamwonyesha kijana kuwa mrithi wa mtu ambaye kisheria ya dini hamrithi kwa ulezi. Hapo wanaokaa kwa kutazamana ni watoto waliolelewa chungu kimoja. Wema wa miaka ishirini huishia katika chuki, wala hapana aliyekusudia ubaya.

Kumlea yatima kuna malipo makubwa hata bila kumbadilisha jina. Fomu za shule zina nafasi ya kumwandika mlezi mbali na mzazi, na serikali ya mtaa inaweza kuandika barua ya kumtambulisha mlezi huyo. Cheti cha kifo cha baba kikihifadhiwa vizuri hujibu maswali yale ambayo mlezi alikuwa akiyakimbia.

Sababu ya tano ni ya ndugu zetu wanaosilimu. Uislamu haumlazimishi aliyeingia kubadili jina lake, isipokuwa likiwa na maana isiyofaa. Masahaba wengi walibaki na majina waliyokuwa nayo kabla. Anayependa kuitwa Yusufu msikitini na aitwe. Lakini akitaka Yusufu liwe jina lake katika kitambulisho, afuate njia ya kisheria ya hati ya kubadili jina, kisha abadilishe na karatasi nyingine zote. Kuwa na jina jipya katika cheti cha ndoa na jina la zamani kila mahali kwingine ni kumwachia mkewe kitendawili.

SIKU YA KUFUNGULIWA MKOBA

Tuangalie sasa njia ambayo familia hupita baada ya msiba, ili tuone ni wapi jina hukwama.

Mlango wa kwanza ni kibali cha mazishi. Asubuhi ya msiba kila mtu ana shughuli, na anayetumwa kukifuata hospitali au kwa mtendaji aghalabu ni kijana wa familia aliyekuwa karibu. Anaulizwa jina la marehemu. Yeye amezoea kumwita Baba Mkubwa, na mtaani alijulikana kama Mzee Mfaume. Anataja analolijua. Kibali huandikwa hivyo, na cheti cha kifo hufuata kibali. Sheria ya kusajili vizazi na vifo inataka kifo kiarifiwe ndani ya siku 30, na kosa lililoingia asubuhi ile husafiri na karatasi hiyo hadi mwisho.

Mlango wa pili ni kikao cha familia cha kumpendekeza msimamizi wa mirathi, na muhtasari wake kupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Humo hutajwa marehemu, wajane na watoto. Mlango wa tatu ni mahakama yenyewe, inayotangaza maombi ili mwenye pingamizi ajitokeze, na isipokuwepo hoja ya kuyakataa humteua msimamizi. Mlango wa nne ni ofisi zinazoshikilia mali: benki, mfuko wa hifadhi ya jamii, ofisi ya ardhi, kampuni ya simu. Kila ofisi hulaza barua ya mahakama kando ya daftari lake na kulinganisha. Yakitofautiana, msimamizi hurudishwa kutafuta hati za viapo na mashahidi, na wakati mwingine hurudishwa mahakamani kwenyewe.

Familia yenye maelewano hupoteza nauli, ada na miezi. Familia isiyo na maelewano hupoteza zaidi. Anayetaka kumnyima mjane haki yake hahitaji kughushi chochote. Inamtosha kuuliza kama Zuhura wa cheti cha ndoa ndiye Zahara wa kitambulisho. Mjane aliyeishi na marehemu miaka thelathini na kumzalia watoto anaanza kutafuta mashahidi wa kwamba yeye ni yeye. Fungu lake la thumni, alilopewa na Mola wake pale marehemu alipoacha watoto, linasubiri irabu moja.

Na si warithi peke yao wanaosubiri. Kabla ya mirathi kugawanywa, madeni ya marehemu hulipwa, kisha wasia wake hutekelezwa katika mipaka ya theluthi. Mali ikifungiwa kwa sababu ya jina, deni nalo halilipwi. Kila Muislamu anajua uzito wa deni linalomwelemea mtu kaburini.

Hapa pana onyo jingine. Kwa kuona ugumu huo, baadhi ya vijana huikimbilia simu ya marehemu na kutoa fedha zilizomo kwa namba ya siri wanayoijua, kabla hata maziko hayajamalizika. Fedha zilizomo simuni ni sehemu ya mirathi sawa na ng'ombe aliyeko zizini. Kuzichukua kabla ya msimamizi kuteuliwa ni kula haki ya wengine, hata kama mchukuaji naye ni mrithi.

Tusisahau pia safari ya Hijja. Mzee ameweka akiba miaka mingi, afya yake bado inamruhusu, kisha anapoomba pasipoti inagundulika kwamba cheti cha kuzaliwa na kitambulisho havilingani. Marekebisho huchukua muda, na msafara haumsubiri. Anayenuia safari hiyo aanze na karatasi zake mapema, kabla hata ya kuuliza nauli.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tutenge jioni moja. Baba, mama na watoto wakubwa wakae, kila karatasi yenye jina itolewe kabatini na kutandazwa mkekani: vyeti vya kuzaliwa, vya shule, cheti cha ndoa, vitambulisho, leseni, kitabu cha benki, hati za ardhi, kadi za mifuko. Kwa kila mtu iandikwe orodha: karatasi gani, jina limeandikwaje herufi kwa herufi, na tarehe gani ya kuzaliwa. Kazi hii haizidi saa mbili, na familia itashangaa.

Pili, tuamue shina ni lipi. Mwenye cheti cha kuzaliwa sahihi, hicho ndicho shina, na kitambulisho kifuate. Karatasi nyingine zirekebishwe zifanane na shina hilo. Tofauti ndogo za tahajia aghalabu huthibitishwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au kamishna wa viapo. Kubadili jina lenyewe huhitaji hati ya kubadili jina iliyosajiliwa. Makosa yaliyomo katika kitambulisho chenyewe hupelekwa ofisi ya NIDA ya wilaya, pamoja na vielelezo. Mwenye kuapa aape kwa ukweli. Kiapo cha uongo cha kupunguza umri ni dhambi iliyopigwa muhuri.

Tatu, tuwaangalie wachanga. Kizazi kinapaswa kuarifiwa ndani ya siku 90. Huduma ya usajili wa watoto wenye umri chini ya miaka mitano, iliyoanzia Mbeya mwaka 2013 na kusambazwa mikoa mingine, imewezesha vyeti kutolewa bila malipo katika vituo vya afya na ofisi za kata. Sisi tuna siku ya saba, siku ya akika, ambayo jina hutajwa mbele ya ndugu. Basi siku hiyo hiyo jina liandikwe kwenye karatasi kwa herufi kubwa, babu na bibi wakubaliane kama ni Khadija au Hadija, na karatasi hiyo ndiyo iende kliniki. Asitumwe mtu kwenda kulitaja kwa mdomo.

Nne, tuangalie daftari la ndoa. Hapa wajibu ni wetu sisi viongozi wa misikiti. Majina ya bwana harusi, bibi harusi, walii na mashahidi yanakiliwe kutoka vitambulishoni, si kutoka katika kadi za mwaliko wala kwa kuulizana huku watu wakisubiri pilau. Bibi harusi asomewe jina lake kabla ya kutia saini. Dakika tano za siku ya furaha zinaweza kumwokolea miaka mitano ya siku ya huzuni.

Tano, tuandike wasia. Suratul Baqara, aya ya 282, imetufunza kuandika madeni na kuyashuhudilia, na wasia nao unahitaji uangalifu huo huo. Pamoja na madeni na amana, mtu aorodheshe akaunti, ardhi na uanachama wake, na mbele ya kila kimoja aandike jina kama lilivyo katika daftari la ofisi ile. Hata asipowahi kuyarekebisha yote, atakuwa amewaachia wanawe ushahidi wa mkono wake kwamba majina hayo yote ni yake.

Sita, wakati wa msiba ateuliwe mtu mzima mmoja kushughulikia karatasi, na asiende kufuata kibali cha mazishi bila kushika kitambulisho cha marehemu mkononi. Asome kilichoandikwa kabla ya kuondoka dirishani.

KITAMBULISHO NI AMANA

Baada ya jina kusawazishwa, libaki kulindwa. Kitambulisho hakiazimwi. Anayemsajilia rafiki laini ya simu kwa alama zake za vidole amemkopesha jina lake, na laini hiyo ikitumika kutapeli watu atakayeulizwa kwanza ni mwenye jina. Kila mmoja wetu anaweza kupiga *106# na kuona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Akikuta asiyoijua, aende kwa wakala wa mtandao husika iondolewe. Wazee wetu wengi hawajawahi kufanya hivyo, na kijana anayejua kubofya simu ana fursa ya kuwatendea wema kwa dakika mbili.

Vivyo hivyo kwa nakala za kivuli zinazoachwa madukani na picha za vitambulisho zinazotumwa katika makundi ya simu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayechukua taarifa za mtu azitumie kwa lengo lililotajwa na azilinde. Tuna haki ya kumuuliza anayetutaka nakala: ni ya nini, na utaihifadhi wapi? Kuuliza huko si ukorofi.

Wazee wetu walipomkaribisha mgeni walimuuliza yeye ni nani, mwana wa nani, wa mji gani, na majibu hayo matatu yalitosha kumpatia hifadhi. Ofisi za leo zinauliza maswali yale yale, ila hazikubali majibu mawili tofauti. Basi kila mwenye nyumba aufungue mkoba wake wiki hii, angali na ulimi wa kujieleza, asiwaachie kazi hiyo wale ambao siku hiyo watakuwa na machozi ya kutosha.

Wabillahi tawfiq.